Goti la Rosette na Langu

Nguba, Bukavu
Jumapili, tarehe 17 Novemba 2024

Yaya Colombe, dada yangu mkubwa mpendwa,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na mgongo wako umetulia sasa mvua zimeanza huko Lubumbashi. Wajukuu hawajambo? Shemeji bado anakataa kuvaa miwani? Sisi huku tupo. Umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, ziwa limetulia, na Maman yuko Nyantende na nguvu zake zote. Maharage yake yamechanua, na amegombana na jirani juu ya mbuzi. Kwa hiyo ujue ni mzima.

Nimechagua barua kwa sababu moja tu. Sauti ninazokutumia kwa WhatsApp unazifungulia sebuleni watu wote wasikie, na kabla ya jioni mdogo wetu Rosette anazijua kule Kadutu. Tonton Aloys anapanda ndege kesho mchana, ataibeba hii katika mfuko wa koti. Isome peke yako.

Nianze na habari mpya. Ijumaa iliyopita Dokta Mélanie, anayeongoza ule utafiti wa magoti, alituita wote kwenye ukumbi wa kliniki akatuambia kwamba baada ya miezi sita makundi mawili yako karibu sawa. Waliopasuliwa na waliofanya mazoezi wanatembea sawa, wanapanda ngazi sawa, na maumivu yamepungua pande zote mbili. Alisema hivyo kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili. Akaongeza kwamba sisi ni watu wachache, kwamba miezi sita si miaka, na kwamba maneno yake hayahusu goti linalonasa likakataa kunyooka, wala goti la kijana aliyeumia uwanjani. Nakuandikia alivyosema, bila kupunguza, maana wewe uliyefanya kazi ya infirmière, ya kuuguza watu, maisha yako yote utayapima mwenyewe.

Habari ya pili ni yangu. Nimepewa tarehe ya kupasuliwa goti: Alhamisi tarehe 28 mwezi huu, asubuhi. Najua swali linalokujia, yaya. Kama makundi yako sawa, kisu cha nini? Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nipe nafasi nieleze kwa mpangilio.

Unakumbuka lile tangi la plastiki ulilomtumia Maman ili avune maji ya mvua. Mwezi wa tatu tulilibeba mimi na Rosette kutoka barabarani hadi nyumbani, kwenye kile kinjia cha udongo mwekundu, mvua ikiwa imetoka tu kukatika. Rosette alikuwa mbele, mimi nyuma. Mimi nasema alisimama ghafla kumsalimia mtu. Yeye anasema nilimsukuma. Tuliteleza kwa pamoja. Yeye goti la kulia lilijipinda, mimi la kushoto. Tangi lilibingirika hadi kwenye migomba ya jirani. Maman alikuja mbio, akauliza kwanza kama tangi ni zima. Halafu akamwinua Rosette. Kwa kuteleza nilikuwa nimempita Rosette, mimi ndiye niliyekuwa karibu na Maman zaidi. Sisemi kitu, nakueleza tu nani alikuwa wapi.

Magoti yote mawili yalivimba. Kliniki wakatupiga picha, wakatuonyesha kwamba tumeumia kitu kile kile: menisko. Wewe unaijua, lakini nakuandikia jinsi Dokta alivyowaeleza watu, kwa sababu alieleza vizuri. Ndani ya goti kuna vipande viwili vya gegedu laini, kila kimoja na umbo la mwezi mchanga, vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa mguu ili mifupa isisagane. Mguu ukikanyaga imara huku mwili ukigeuka, kipande kinaweza kuchanika. Na kwa mtu aliyevuka miaka arobaini na tano huwa kimekwisha kuchakaa, kinachanika kama kitambaa cha zamani.

Miaka mingi dawa ilikuwa kuingiza kamera ndogo kwa tundu moja, chombo kwa tundu lingine, na kukata sehemu iliyochanika. Halafu tafiti za nchi nyingine zikaonyesha kwamba kwa watu wa umri wetu mazoezi ya kuimarisha paja na kiuno mara nyingi yanafika pale pale. Dokta Mélanie alitaka kujua kama ni hivyo hata hapa, ambapo mtu anapanda kilima akiwa na gunia kichwani, na anaporudi anashuka kilima kile kile. Tukakubali kuingia, mimi na Rosette, siku moja.

Sasa sikiliza kosa letu watu wa Bukavu. Ili utafiti uwe wa haki, daktari hachagui nani apasuliwe, wala mgonjwa hachagui. Kila mtu anapewa bahasha iliyofungwa. Dokta alisimama mbele yetu akaeleza kwa subira kwamba hakuna bahasha nzuri na bahasha mbaya, kwamba kama angejua ipi ni bora asingefanya utafiti. Watu walitikisa vichwa kukubali, na walichosikia ni tombola, bahati nasibu. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa na rozari mkononi. Rosette alifungua yake, akakuta ameandikiwa kupasuliwa, akapiga kelele mpaka mlinzi akaingia. Watu wakampigia makofi. Mimi nikafungua yangu: mazoezi. Mama wa rozari alinishika mkono kama tuko matangani. “Pole, maman. Siku ingine Mungu atakuona.”

Jumapili iliyofuata Rosette alitoa action de grâce, sadaka ya shukrani, parokiani. Alipita katikati ya kanisa akichechemea, amevaa kikwembe kipya, na mananasi, na mishumaa, na watoto wake nyuma wakiwa wamebeba kreti ya vinywaji. Padri akasema dada yetu anamshukuru Mungu kwa kuchaguliwa. Nilikuwa kwenye benchi la nne na goti langu lile lile, lililochanika saa ile ile, kwenye kinjia kile kile. Hakuna aliyeliuliza.

Alipopasuliwa, Kadutu nzima ilihamia kwake. Hapa kwetu mtu aliyeingia salle d'opération, chumba cha kisu, akatoka hai ana haki zake, na watu walimtimizia. Akina mama wa mutuelle yake, chama chao cha kusaidiana, walikuja wamevaa sare. Kwaya ilikuja na ngoma. Wenzake wa soko walileta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wa kukaanga, wengine uji, wengine kuku mzima aliyefungwa miguu. Yeye alikuwa amelala kwenye godoro lililoburutwa hadi sebuleni, mguu juu ya mito miwili, akionyesha vile vidonda viwili, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wangu. Kila mgeni mpya alifunuliwa goti. Kila mgeni mpya alipiga yowe.

Na Maman akashuka kutoka Nyantende na mfuko wake. Unajua Maman halali nje ya nyumba yake. Mume wangu Papa Destin alipofariki, Maman alinikalia siku tatu akasema kuku wake watakufa. Kwa Rosette alikaa mwezi. Asubuhi alimkanda mguu kwa maji ya moto, mchana alimpikia sombe ya majani ya muhogo, jioni alimkataza kuinuka. Nilikwenda kuwatembelea baada ya kazi, mimi mwenyewe nimevimba, nimepanda kutoka Nguba hadi Kadutu kwa sababu taxi zilikuwa zimejaa. Sijakaa hata kwenye kiti, Maman akanitazama akasema, “Jeanine, weye uko unatembea. Kamata ile ndoo, uchote maji ya mudogo wako.” Nikakamata ndoo. Nikachota. Maji yale yakamkanda Rosette.

Nilijaribu njia nyingine. Kwenye shirika letu la sala kila Alhamisi wanataja majina ya wagonjwa wa kuombewa. Jina la Rosette lilitajwa hadi huku Nguba, ambako hakai. Nilimfuata kiongozi wetu, nikamwomba aongeze langu. Akaniuliza nimepasuliwa wapi. Nikamwambia sikupasuliwa, nafanya mazoezi. Alifikiri kidogo, mtu mwema yule, akaniuliza, “Sasa tutamuambia Mungu nini, maman journaliste?” Mimi ninayewauliza watu maswali radioni nikarudi kwenye benchi langu.

Mazoezi yenyewe sikuyadharau. Gentil, kine wetu, yule mtaalamu wa viungo, ni kijana asiye na maneno mengi. Alitukatia mipira ya ndani ya baiskeli, tukaifunga miguuni tukaivuta. Tulisimama migongo ukutani tukashuka nusu ya kukaa, tukabaki hapo hadi mapaja yanatetemeka. Tulipanda ngazi fupi, tukashuka, tukapanda tena. Kila baada ya wiki chache alitufanyia magumu zaidi. Mzee Mardochée, aliyekuwa dereva wa malori ya Bunyakiri, alilalamika kila siku kwamba watu wazima tumerudishwa école primaire kama watoto.

Huyo Mardochée ndiye aliyenifungua macho. Siku moja alikuja na bandeji kubwa gotini. Gentil akamuuliza ameumia lini. Hakuumia. Alikuwa ametoka Bunyakiri kwa ndugu zake, na kabla ya kufika alishuka njiani akajifunga bandeji. Walimpokea kwa mbuzi. Shangazi yake alilia. “Munazania nini?” akatuambia, huku akivuta mpira wake bila aibu. “Hakuna mutu anaweza kuchinjia mbuzi mutu mwenye anachuchumaa ku ukuta.” Kundi lote lilicheka mpaka Gentil akatugombeza. Mimi nilicheka pia. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikifikiri juu ya ile bandeji.

Maman alikuwa akinipigia simu, usidhani hakunipigia. Alinipigia kuniuliza kama Rosette amekunywa dawa, maana simu ya Rosette ilikuwa imezima. Nilipomwambia kwamba mimi pia niko kwenye matibabu, kwamba utafiti ni mmoja, aliniuliza mazoezi ni ugonjwa gani. Akasema hata watoto wa masomo wanafanya. Niliandika maneno hayo siku hiyo hiyo, kwa mazoea ya kazi. Nimekuwa nikiyasoma.

Basi tufike Ijumaa. Dokta alimaliza kusoma matokeo. Halafu Rosette akasimama. Ulimjua hivyo tangu utotoni, hangoji kupewa neno. Akasema, “Docteur, miye balinipasua. Balinishona. Hawa balikuwa banavuta mipira ya baiskeli. Namna gani tuko sawa?” Watu wakacheka, lakini si wote, waliopasuliwa hawakucheka. Dokta alimjibu kwa heshima kwamba kusema tuko sawa si kusema hakutibiwa. Amepona, na wengine pia wamepona, kwa njia nyingine. Rosette akakaa. Nilimwona uso umemsawijika. Yaya, sitakudanganya, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajiinamia nikajifanya natafuta kalamu.

Nje, chini ya paa, mvua ikinyesha, akanishika mkono kwa nguvu. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Nakunukulia alivyosema: “Weye hukulala ata siku moja. Hukushonwa. Ulienda ku kazi yako, watu banakusikia, na leo tuko sawa. Kila siku iko vile na weye.” Nikamwambia yeye ndiye aliyepewa Maman mwezi mzima. Akacheka kicheko kibaya. “Maman gani? Saa kumi na mbili asubuhi, bado minalala, anafungua radio: munyamaze, Jeanine anasema. Mugonjwa niko miye, na nyumba yote inanyamaza juu yako. Ukiisha kusema ndo anakumbuka dawa yangu.”

Sikumwamini. Rosette anaongeza chumvi, unamjua. Jana nilimpigia Mapendo, binti yake, nikamuuliza bila kumwonyesha ninakotaka kufika: bibi alipokuwa kwenu asubuhi alikuwa anafanya nini? Akaniambia alikuwa anasikiliza habari, na siku ambayo mtu mwingine alisoma habari alizima radio akauliza kama mama mkubwa Jeanine anaumwa. Kwa hiyo nina mashahidi wawili, na sina sababu ya kukataa. Alinisikiliza. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini sauti si goti, yaya. Sauti yangu ilipata mwezi mzima na Maman, na mimi nilikuwa studioni, sikuwepo.

Sasa nafika kwenye jambo nililoliruka tangu mwanzo wa barua.

Goti langu haliumi.

Haliumi tangu mwezi wa nane. Niligundua siku ya mkutano na waandishi, lifti ilipokufa na sisi wote tukapanda kwa miguu hadi juu. Nilifika wa kwanza, na kinasa sauti mkononi, nikageuka kuwangoja vijana wenye kamera wakihema kwenye ngazi. Ndipo nikakumbuka kwamba nina goti. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimeugua na kupona na hakuna aliyeniona katika yoyote kati ya hayo mawili.

Mwezi uliopita ulikuwa uchunguzi wa miezi sita. Asubuhi ile nilipitia Kadutu kumpa Rosette kitu, nikamkuta Maman. Alikuwa amekuja tena, kwa sababu Rosette alimwambia goti linamvuta mvua ikikaribia. Alikuwa amepiga magoti chini na beseni, anamkanda. Hakuinua kichwa. Aliniambia nifunge mlango, baridi inaingia. Nikaufunga nikiwa upande wa nje. Nusu saa baadaye daktari kijana aliniuliza, kati ya sifuri na kumi, maumivu yangu ni ngapi. Nikasema saba. Jibu la kweli lilikuwa sifuri. Siku ya mvua, labda moja. Nikachechemea hadi kwenye kitanda. Alilikunja goti, likakunjika vizuri, akashangaa kidogo. Lakini maumivu ni neno la mgonjwa, hakuna mashine ya kulibishia. Na sheria ya utafiti inasema mtu wa mazoezi ambaye bado anaumia baada ya miezi sita anaweza kuomba apasuliwe. Nikaomba. Wakanipa tarehe 28.

Miaka ishirini na tano nimewauliza watu wakubwa namba, na waliponidanganya niliwabana mpaka wakatokwa jasho. Sikujua kwamba upande wa pili ni rahisi hivyo.

Ilikuwa wivu. Sitafuti neno lingine. Nilitaka godoro sebuleni. Nilitaka mito miwili na kwaya na ngoma yake. Nilitaka Maman anikataze kuinuka. Nilikuwa tayari wanitoboe goti zima kwa ajili ya hayo, na ninapokuandikia sasa sijui kama nimeacha kuyataka.

Na sasa matokeo. Ijumaa, Dokta Mélanie alisema makundi yako karibu sawa, na unaona neno “karibu”. Kwenye maumivu kundi la mazoezi liko nyuma kidogo, akasema, kwa sababu kuna wachache ambao hawakupona. Alisema hivyo akinitazama kwa huruma. Mmoja wa hao wachache ni mimi. Kundi ni dogo. Saba moja ya uongo inatosha kulisogeza. Watu watasikia kwamba mazoezi yako nyuma kidogo, na mtu wa Kadutu akisikia “nyuma kidogo” atakopa apate kisu. Uongo wangu hautabaki gotini mwangu.

Pascal, mkubwa wangu pale radio, ameniagiza habari hiyo niifanye mimi, mradi niseme hewani kwamba nilikuwa mmoja wa walioshiriki. Jana nilikaa kuiandika. Nilifika kwenye sentensi ya maumivu, nikaweka kalamu chini. Siwezi kusoma namba ambayo najua ni ya uongo kwa sababu niliitunga mwenyewe. Nimejaribu kuizunguka kwa njia tatu, nikaona kila njia inaitwa nini katika kazi yetu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kesho Jumatatu saa mbili asubuhi naonana na Dokta Mélanie. Nitampa namba yangu ya kweli, na nitamrudishia nafasi yangu ya tarehe 28 apewe mtu anayeumia. Anaweza kunifuta kwenye utafiti, anaweza kunifukuza ofisini. Ni haki yake. Pascal alitaka habari Jumanne. Nimemwambia haitoki kabla Dokta hajapiga hesabu upya, na kwamba ndani yake kutakuwa na sentensi moja ya kusema mshiriki mmoja alitoa jibu la uongo, na mshiriki huyo ndiye anayesoma habari. Akasema basi turekodi Jumatano tarehe 27, itoke Alhamisi yake.

Na Rosette? Sitamwambia mapema. Atasikia pamoja na wengine. Atacheka mpaka Kadutu isimame, na kwa haki.

Limebaki suala la Maman, na hapo, yaya, sijarekebisha kitu. Nilimwambia wiki mbili zilizopita kwamba nitapasuliwa. Akasema neno moja: nitakuja. Anashuka Jumatano tarehe 27 na mfuko wake. Kuku amemwachia yule jirani wa mbuzi, kwa hiyo wamepatana kwa ajili yangu. Sijamwambia kwamba sipasuliwi tena. Nilichukua simu mara nyingi, nikairudisha. Nimetandika kitanda cha chumba cha mbele, nimenunua unga wa muhogo anaoupenda, na beseni jipya. Najua nifanyavyo si sawa. Dokta nampa ukweli kesho. Maman naomba nimpate usiku mmoja kwanza.

Nisalimie shemeji, umwambie miwani haijamuua mtu. Wabusu wajukuu mmoja mmoja, na majirani zako wa kiwanja cha nyuma, na yule maman wa Kasenga aliyenifundisha kupika samaki wakavu. Ukipata nafasi ya kuandika, mpe tonton Aloys jibu, na unigombeze kwa karatasi, si kwa sauti.

Habari itatoka Alhamisi tarehe 28 Novemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maman atakuwa chumbani kwangu, atakuwa amefungua radio mapema na kuniambia ninyamaze, na mimi nitakuwa nimeketi karibu naye. Mpaka saa hiyo nakuomba usimpigie simu.

Mdogo wako,
Jeanine